Vimeng'enya vinavyotengeneza DNA na dawa za saratani zinazovizuia: kwa nini kipimo kitangulie kidonge

Mwanamaabara wa Chumbageni (mwanzisha uzi)

Wanajukwaa, salaam kwenu nyote. Kwa muda mrefu nimekuwa nikiulizwa, hapa Tanga mjini na hata na ndugu walioko Muheza na Pangani, juu ya vidonge vya saratani ambavyo inasemekana vilimsaidia fulani na havikumfaa fulani mwingine, ingawa wote wawili waliugua saratani ya titi. Swali hilo lina jibu, na jibu lake halimo katika titi bali limo ndani ya kiini cha seli, katika kazi ya kundi la vimeng'enya, yaani protini zinazoendesha kazi za kikemia za seli, ambavyo shughuli yake ni kutengeneza DNA inapoharibika. Mimi ni mtu wa maabara ya patholojia. Nitaandika kwa kirefu, na ninaomba mnivumilie, kwa maana jambo hili likielezwa nusunusu hupotosha.

Tuanze na uharibifu wenyewe. Wengi hudhani kwamba DNA hukaa salama mpaka iguswe na sumu au mionzi. Ukweli ni kwamba DNA huharibika hata bila adui wa nje, kwa sababu imo ndani ya maji, katika joto la kawaida la mwili, karibu na oksijeni. Makadirio ya wanasayansi ni kwamba kila seli hupata madhara ya DNA yanayofikia makumi ya maelfu kwa siku moja. Herufi moja ya DNA, sitosini, hugeuka yenyewe kuwa yurasili, ambayo haistahili kuwamo humo. Isipoondolewa, seli ikigawanyika kosa hilo hurithiwa. Tomas Lindahl wa Sweden alieleza mwaka 1974 kimeng'enya kinachoitambua yurasili hiyo na kuikata. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia pamoja na Aziz Sancar, mzaliwa wa Uturuki, aliyefafanua jinsi seli inavyokata kipande cha uzi kilichoharibiwa na mwanga wa jua, na Paul Modrich wa Marekani, aliyeonyesha jinsi makosa ya kunakili yanavyosahihishwa.

Katika madhara yote hayo, mawili ndiyo yanayohusu vidonge tunavyovizungumzia: kukatika kwa uzi mmoja wa DNA, na kukatika kwa nyuzi zote mbili mahali pamoja. Uzi mmoja ukikatika, kimeng'enya kiitwacho PARP1 hufika mapema na kushika penye mkato, kisha huchukua kemikali iitwayo NAD, ambayo mwili huitengeneza kutokana na niasini, vitamini tunayoipata katika samaki, nyama na karanga, na kuitumia kujenga mnyororo unaozivuta protini nyingine zije kuziba. Protini hizo zikishafika, PARP1 huachia na kuondoka. Mnyororo huo uligunduliwa na watafiti wa Strasbourg, Ufaransa, mwaka 1963, na wakati huo hakuna aliyekuwa akifikiria kidonge.

Nyuzi mbili zikikatika, hali huwa nzito zaidi, kwa sababu hakuna uzi mzima uliobaki pale pale wa kunakiliwa. Seli inayojiandaa kugawanyika huitafuta nakala pacha ya kromosomu ile ile, huisoma na kurudisha herufi zote mahali pake. Kazi hiyo haifanyiki bila protini BRCA1 na BRCA2. Ya pili ndiyo inayoipanga protini nyingine, RAD51, juu ya uzi uliokatika ili uzi huo uweze kuitafuta nakala yake. Mary-Claire King wa Marekani alionyesha mwaka 1990 kwamba jeni ya BRCA1 iko katika kromosomu ya 17. Jeni yenyewe ikapatikana mwaka 1994, na ya BRCA2 ikafuata mwaka 1995.

Sasa fikirini seli ya saratani iliyokwisha kuipoteza BRCA1 au BRCA2. Haiwezi tena kurudisha kwa usahihi nyuzi mbili zilizokatika, kwa hiyo inategemea mno mikato izibwe ikiwa bado ni ya uzi mmoja. Ukiizuia PARP, mikato ya uzi mmoja hubaki wazi, na mashine ya kunakili DNA inapoifikia huigeuza kuwa mikato ya nyuzi mbili. Zaidi ya hayo, dawa hizi huifanya PARP1 ing'ang'anie pale ilipokaa isiweze kuachia, nayo ikawa kizuizi kingine mbele ya mashine hiyo. Seli yenye afya itahangaika na kupona kwa njia ya BRCA, lakini seli ya saratani iliyoipoteza njia hiyo huunganisha vipande ovyo ovyo, kromosomu zake zikavurugika, ikafa. Fikirini msafiri wa Pangani anayevuka mto kwenda Bweni kwa kivuko: kivuko kikisimama, huvuka kwa mashua. Kosa moja halimzuii kufika, lakini kivuko kikiharibika na mashua zikazuiliwa siku hiyo hiyo, havuki.

Hayo yalithibitishwa maabara mwaka 2005, pale makundi mawili ya watafiti yalipochapisha katika toleo moja la jarida la Nature kwamba seli zisizo na BRCA zinakufa kwa kiasi kidogo sana cha dawa ya kuzuia PARP, ilhali seli zenye BRCA zinaendelea kuishi. Mwezi Desemba 2014 dawa ya kwanza, olaparibu, iliidhinishwa Ulaya na Marekani kwa saratani ya ovari yenye hitilafu ya BRCA. Zikafuata rukaparibu mwaka 2016, niraparibu 2017 na talazoparibu 2018, na olaparibu yenyewe ikaruhusiwa baadaye kwa baadhi ya saratani za matiti, kongosho na tezi dume.

Angalieni jambo hilo vizuri. Viungo ni vinne na hitilafu ni ya aina moja. Ndiyo maana wagonjwa wawili wa saratani ya titi wanaweza kumeza kidonge kile kile, mmoja akanufaika na mwingine akabaki na gharama na kichefuchefu. Kumwanzishia mgonjwa dawa hizi kwa sababu tu jirani yake alipona ni kosa, na ninalisema hili kwa uchungu kwa sababu nimeona familia zikiuza mashamba.

---

Dada wa Pangani

Asante sana kaka. Mimi namuuguza mdogo wangu mwenye saratani ya ovari, na majibu ya Dar es Salaam yamesema ana hitilafu ya BRCA1 aliyoirithi. Hapo ndipo ninapopata hofu. Kama ameirithi, basi hitilafu hiyo imo katika kila seli ya mwili wake, tangu nywele hadi ukucha. Dawa inayoua seli zenye hitilafu hiyo itamwachia nini?

---

Mwanamaabara wa Chumbageni

Dada yangu, pole sana kwa kuuguza, na Mwenyezi Mungu ampe nafuu. Swali lako ndilo kiini cha matibabu haya.

Kila jeni tunayo mara mbili, moja ya mama na moja ya baba. Mdogo wako alirithi BRCA1 moja mbovu na moja nzima. Seli zake za damu, za ngozi na za ini bado zina ile nzima, nayo inatosha kuzitengeneza nyuzi mbili zinapokatika. Uvimbe ulianza katika seli ambayo iliipoteza hata ile nzima iliyobaki, kwa hiyo upungufu kamili umo ndani ya uvimbe peke yake. Dawa inapozunguka mwilini inazikuta seli za aina mbili, zenye njia ya pili na zisizo nayo. Ndiyo sababu dawa hizi humezwa nyumbani, kwa mfano olaparibu kwa kawaida miligramu 300 asubuhi na 300 jioni, ingawa si kwamba hazina madhara: uchovu, kichefuchefu na upungufu wa damu hutokea kwa wengi, na damu hupimwa kila mwezi katika mwaka wa kwanza.

Kwa wagonjwa wanaofanana na mdogo wako upo utafiti ulioanza kuchapishwa mwaka 2018. Wanawake 391 wenye saratani ya ovari iliyosambaa na hitilafu ya BRCA, ambao uvimbe wao ulikuwa umepungua au kutoweka kwa tibakemikali ya platini, waligawanywa. Wengine walipewa olaparibu kwa muda wa hadi miaka 2, wengine kidonge kisicho na dawa. Baada ya miaka 7, waliokuwa hai katika kundi la olaparibu walikuwa asilimia 67, na katika kundi la pili asilimia 46.5. Kwa ugonjwa huu, tofauti hiyo ni kubwa sana.

Jambo moja zaidi, na tafadhali lichukue kwa utulivu. Wewe na ndugu zako wa tumbo moja, kila mmoja ana nafasi ya nusu kwa nusu ya kuwa na jeni hiyo, na wanaume wamo pia, kwa kuwa baba huirithisha kama mama. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2017 ulikadiria kwamba mwanamke mwenye hitilafu ya BRCA1 ana uwezekano wa asilimia 72 wa kupata saratani ya titi kufikia umri wa miaka 80, na asilimia 44 kwa saratani ya ovari. Ongeeni na daktari wake kuhusu kupimwa kabla hamjaugua. Wala tusidhani kwamba hitilafu hizi ni za watu wa nje: uchunguzi wa wagonjwa wa saratani ya titi nchini Nigeria uliochapishwa mwaka 2018 uliikuta hitilafu ya BRCA1 au BRCA2 kwa zaidi ya mgonjwa 1 kati ya 10.

---

Mwalimu wa Raskazone

Ninafundisha baiolojia kidato cha tano na cha sita, na nina pingamizi la heshima. Umetueleza kwamba vimeng'enya hivi ndivyo vinavyotukinga na makosa ya DNA, na makosa ya DNA ndiyo yanayozaa saratani. Iweje basi tiba iwe ni kuvizuia? Je, hatumtibu mgonjwa saratani moja kwa kumpandikizia nyingine?

---

Mwanamaabara wa Chumbageni

Mwalimu, pingamizi lako lina msingi. Kwa baadhi ya wagonjwa waliotumia dawa za kuzuia PARP, wengi wao wakiwa wamepata tibakemikali kabla, imetokea saratani ya damu au ugonjwa wa uboho unaoitangulia. Ni wachache, lakini wapo, na ndiyo sababu nyingine ya kupima damu mara kwa mara.

Pamoja na hayo, kimeng'enya kinachomlinda mtu mwenye afya asipate saratani kinailinda pia saratani ikishatokea, kwa maana hakijui kimo katika seli ya nani. Mfano ulio wazi kabisa ni wa kimeng'enya kiitwacho MGMT. Dawa ya temozolomaidi, inayotumika kwa saratani ya ubongo iitwayo glioblastoma, hufanya kazi kwa kubandika kikundi kidogo cha kemikali, methili, juu ya herufi ya guanini. MGMT hukiondoa kikundi hicho kwa kukihamishia juu yake yenyewe, na ikishafanya hivyo haitumiki tena. Molekuli moja, kazi moja, kisha inavunjwa. Uvimbe wenye MGMT nyingi huifuta dawa kadiri inavyobandikwa. Mwaka 2005 ilionekana kwamba wagonjwa ambao uvimbe wao ulikuwa umeizima jeni ya MGMT ndio walionufaika zaidi na temozolomaidi.

Watafiti walifikiri jambo ambalo hata wewe ungelifikiri: basi tuizime MGMT kwa dawa, kila uvimbe usikie temozolomaidi. Walijaribu, na uboho wa wagonjwa ukaumia, kwa sababu seli zinazotengeneza damu zinaitegemea MGMT ile ile na hazina njia nyingine ya kufaa. Hapo ndipo unapoiona thamani ya PARP na BRCA. Kinachoifanya dawa ya kuzuia kimeng'enya cha kutengeneza DNA ifae si kwamba kimeng'enya ni muhimu kwa saratani peke yake. Inafaa pale ambapo saratani imepoteza kitu ambacho seli nzima bado zinacho. Bila tofauti hiyo unampiga mgonjwa na ugonjwa kwa fimbo moja.

Ipo habari nyingine ninayoona ingefaa kufundishwa darasani. Mwaka 2011 dawa iliyoitwa iniparibu ilishindwa katika jaribio kubwa la saratani ya matiti, na baadhi ya watu wakaanza kusema kwamba wazo lote la kuzuia PARP limekufa. Maabara zilipoichunguza upya zikakuta kwamba dawa ile haikuwa ikiizuia PARP ipasavyo. Kilichoshindwa hakikuwa wazo.

---

Mvuvi Mstaafu, Mwambani

Vijana wangu, nina swali fupi. Jirani yangu ana ualbino na amekwisha kufanyiwa upasuaji wa saratani ya ngozi. Je, na yeye vimeng'enya vyake vina kasoro?

---

Mwanamaabara wa Chumbageni

Shikamoo mzee wangu. Hapana, vimeng'enya vyake vya kutengeneza DNA ni kama vyako na vyangu. Anachokosa ni melanini ya kuuzuia mwanga wa jua usiifikie DNA ya ngozi, kwa hiyo kazi inayovifikia vimeng'enya hivyo ni nyingi mno kila siku, hasa kwa mtu anayeshinda ufukweni. Ugonjwa ambao ndani yake kasoro iko katika vimeng'enya hivyo ni mwingine, unaitwa zeroderma pigmentosamu. James Cleaver wa Marekani alionyesha mwaka 1968 kwamba seli za wagonjwa hao haziwezi kuitengeneza DNA iliyopigwa na mionzi ya urujuanimno. Kwa jirani yako, kofia pana, mikono mirefu, mafuta ya kukinga jua na kukaguliwa ngozi mara kwa mara ndiyo kinga yake, na hakuna kidonge kinachochukua nafasi ya hayo.

---

Mwalimu wa Raskazone

Nimeridhika, na nitaitumia habari ya MGMT. Sasa swali la mwisho kutoka kwangu: saratani yenyewe haijifunzi? Na je, zipo njia nyingine zaidi ya PARP zinazofuatiliwa?

---

Mwanamaabara wa Chumbageni

Inabadilika, Mwalimu, na kwa namna ya kustaajabisha. Tangu mwaka 2008 inajulikana kwamba baadhi ya uvimbe zenye BRCA mbovu hupata badiliko la pili ndani ya jeni ile ile, badiliko linaloirudisha protini ifanye kazi tena. Njia ya pili ikifunguka, dawa ya kuzuia PARP haina la kufanya, na dawa za platini nazo huweza kupoteza nguvu. Uvimbe nyingine huongeza pampu za kuitoa dawa nje ya seli.

Kwa hiyo watafiti wanatafuta vimeng'enya vingine ambavyo seli iliyopungukiwa huvikimbilia. Polimerasi theta, ambayo huunganisha nyuzi zilizokatika kwa njia yenye makosa, ni mmojawapo, na dawa za kuizuia zimo katika majaribio kwa binadamu, pamoja na zile za kuizuia ATR, inayoisimamisha seli isigawanyike kabla DNA haijatengenezwa. Mwaka 2019 iligunduliwa kwamba saratani zilizopoteza mfumo wa kusahihisha makosa ya kunakili, ule wa Modrich, haziwezi kuishi bila kimeng'enya WRN, nacho sasa kinalengwa. Saratani hizo hizo, kwa kuwa zimejaa makosa, huonekana kwa urahisi na kinga ya mwili. Ndiyo maana mwaka 2017 dawa ya pembrolizumabu, inayoiachilia kinga ya mwili iishambulie saratani, iliidhinishwa Marekani kwa uvimbe wowote wenye upungufu huo, uwe wa utumbo au wa mji wa mimba. Hata hapo aliyeamua ni kipimo.

Na kipimo huanzia kwenye kichupa. Hili niruhusuni nilikazie, kwa sababu ndipo mkono wangu ulipo kila siku. Nyama ya uvimbe ikitolewa, inapaswa kuzamishwa mara moja katika formalini (maji ya kuhifadhi nyama isioze) ya asilimia 10 iliyo angalau mara kumi ya ujazo wa nyama yenyewe, ikae humo si chini ya saa 6 wala si zaidi ya saa 72, kisha iwekwe ndani ya nta ya parafini na kukatwa vipande vyembamba. Nimewahi kupokea kutoka kituo kimoja titi zima limebanwa katika kopo dogo, formalini imefika nusu tu. Juu nyama ilikuwa imekauka na kati imeoza. Nyama ya namna hiyo haiwezi kusomwa chini ya hadubini, sembuse kupimwa BRCA. Ikikaa mno ndani ya formalini, DNA hukatika vipande vipande na sitosini nyingi hugeuka yurasili, na msomaji wa DNA akadhani ameona badiliko la saratani. Maabara nyingi za kusoma DNA huiondoa yurasili hiyo kwa kimeng'enya kile kile alichokieleza Lindahl mwaka 1974, kabla ya kuanza kusoma.

Basi ndugu mnaouguza, mgonjwa akifanyiwa upasuaji, ulizeni kama kipande cha parafini kimehifadhiwa na kinahifadhiwa wapi. Miaka ikipita, kipande hicho ndicho kitakachopelekwa kupimwa. Na wale wanaouza sokoni unga wa "kuimarisha DNA" kwa wagonjwa wa saratani, ninawasihi waache: hawawezi kuonyesha ni kimeng'enya gani kinachoimarishwa, na MGMT imetufundisha kwamba kuimarisha utengenezaji wa DNA ndani ya uvimbe si jambo la kumtakia mgonjwa.

---

Dada wa Pangani

Nimepata nguvu, kaka. Mdogo wangu ataanza vidonge mwezi ujao. Amezoea kunywa maji ya machungwa kila asubuhi, tunaletewa kutoka Muheza. Mtu mmoja ametuambia matunda ya jamii hiyo yamekatazwa yote. Ni kweli?

---

Mfamasia wa Ngamiani

Hujambo dada. Niruhusu nilijibu hili, kwa kuwa ni la fani yangu.

Olaparibu huvunjwa kwa kiasi kikubwa na kimeng'enya CYP3A4, kilicho katika ini na ukuta wa utumbo. Balungi lina kemikali zinazokizuia kimeng'enya hicho, dawa ikaongezeka katika damu kupita kiasi na madhara yakazidi. Machungwa machungu nayo yana kemikali hizo. Kwa hiyo balungi na machungwa machungu aviache kabisa kwa muda wote wa dawa, yawe matunda yenyewe au maji yake. Machungwa matamu ya Muheza ya kila siku hayamo katika katazo hilo, na anaweza kuendelea nayo. Akinunua juisi ya pakiti, asome kama imechanganywa na balungi.

Zipo dawa za hospitali zinazofanya hivyo hivyo, kama vile flukonazoli na itrakonazoli za fangasi na antibiotiki ya klarithromaisini. Nyingine hufanya kinyume: rifampisini ya kifua kikuu hukichochea CYP3A4, olaparibu ikavunjwa haraka ikapungua nguvu, na baadhi ya dawa za VVU huingilia pia kwa upande huu au ule. Kabla hajaanza, kusanya kila anachomeza, pamoja na dawa za mitishamba, weka katika mfuko mmoja na umpelekee daktari na mfamasia wa kliniki yake ya saratani wavikague. Usiseme majina kwa kukumbuka. Peleka maboksi na chupa zenyewe.